Elisante na Kompyuta Iliyovuka Mpaka

Niseme mapema kwamba habari hii naielewa nusu, na hiyo nusu yenyewe kwa tabu. Mimi ni mkunga, nafanya kazi kituo cha afya hapa Munanila, mpakani na Burundi. Vitu vyangu ni mikasi, glavu na akina mama wanaonitukana wakiwa kwenye uchungu. Mtu wa kompyuta ni Elisante. Aliletwa Kasulu kikazi kutoka Same, kijana mrefu, mpole kupita kiasi, anayesema samahani hata akikanyagwa yeye.

Alikuja na mradi wa droni, ndege ndogo ya kutuletea damu kutoka Kasulu. Rubani anabaki Kasulu kwenye kiti, anaiendesha kwa mtandao wa simu. Ndani yake kuna kompyuta, na usifikirie ile ya mezani: ni kibao kimoja cha kijani, kinaingia mfuko wa shati, kimechomekwa modemu yenye laini ya simu kama yako na yangu. Mnara unashika laini, laini inaongea na rubani, ndege inatii. Mawasiliano yakikatika, ndege inageuza yenyewe, inarudi ilikotoka.

Mimi nilikuwa na haraka yangu. Binti yangu Aneth alikuwa na mimba ya pili. Uzazi wa kwanza alitoka damu nyingi, gari likanasa kwenye tope njiani kwenda Kasulu, nikamshika mkono mpaka ukawa wa baridi. Alipona kwa bahati tu. Safari hii siku zake ziliangukia katikati ya masika. Nilimsihi akajifungulie mjini, akagoma, ana kichwa kigumu kama baba yake. Kwa hiyo nikamganda Elisante kama kupe.

Siku ya kwanza alituuliza mtandao unashika wapi zaidi. Mimi, mlinzi na mama wa chai tukanyoosha mkono upande mmoja: kilimani, nyuma ya kanisa. Pale simu inajaa mpaka juu. Jumapili watu husimama pale wakiongea na shemeji zao na mashangazi mpaka chaji inaisha. Akashukuru, akapanga ndege itue palepale.

Ndege ikaja. Tukapiga makofi. Ikafika juu ya kanisa, ikazunguka kidogo, ikageuza, ikaenda zake Kasulu. Juma lililofuata vilevile. Elisante akachomoa kile kibao, akapanda nacho kilimani kwa miguu. Taa ya modemu inawaka, mtandao umejaa, lakini rubani anasema hakioni. Akikirudisha Kasulu kinafanya kazi bila shida. Akabadili laini. Akabadili modemu. Akaandika programu upya, akaifuta, akaiandika tena. Nikamuuliza tatizo nini, akanieleza kwa kirefu, nikatoka pale nikiwa nimesahau hata nilichouliza.

Wakubwa wake wakasema mambo yasiponyooka, mradi unahamia Kibondo. Nilikasirika, nikamwambia maneno ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia mtoto wa watu. Yeye akasema samahani.

Juu ya hayo akawa mtu wa kuchelewa. Khamisi, dereva wa mradi, anamngoja saa nane, mwenzake anatokea saa tisa, na anaapa kwamba ni saa nane. Khamisi akaniambia yule kijana kachanganyikiwa. Nikaanza kuamini, maana alisema hata kibao chake kinaandika saa za ajabu kila kikipanda kilimani.

Mchana mmoja alishuka kutoka huko akaja kula kwangu. Nikamkaripia kwamba ugali umepoa. Akasema mbona ni saa saba tu, akanionyesha simu.

"Hiyo ni saa ya Burundi," nikamwambia. "Wenzetu wako nyuma kwa saa moja. Umeitoa huko kilimani."

"Kilimani kuna saa ya Burundi?"

"Kuna mtandao wao, saa utaikosaje? Wa kwetu pale unafika kwa kubembelezwa. Ndiyo maana sote tuna laini mbili, ya kwetu na ya kwao."

Akabaki na tonge mkononi. "Mama Aneth, mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza unashika wapi. Hukuuliza wa nani."

Aliondoka bila kunawa, nikadhani nimemuudhi. Baadaye akanifafanulia: kibao kikifika kilimani kilikimbilia mnara wenye nguvu, wa ng'ambo, na laini yake huko haikuwa na ruhusa ya intaneti. Kimeshikwa, lakini bubu. Akakiamuru kishike minara ya kwetu tu, akahamishia mahali pa kutua nyuma ya wodi ya wazazi, upande unaotazama Kasulu. Pale mtandao ni kijiti kimoja. Nikamwambia ana wazimu, anaacha vijiti vitano anafuata kimoja. Mpaka leo jambo hilo halijaniingia vizuri.

Aneth alishikwa na uchungu siku ya mvua. Asubuhi mtoto akatoka salama, wa kike, kisha damu ikaanza, ileile ya mwanzo. Nikafanya yote ninayoyajua. Barabara ilikuwa imekatwa na maji. Tukapiga simu Kasulu kuomba damu ya kundi lake, na mvua ikapungua. Elisante alisimama nyuma ya wodi na laptopu chini ya mwavuli, mimi ndani nimeshika mkono uleule, unapoa. Nilimwomba Mungu, halafu nikakiomba na kile kibao, sioni aibu kusema.

Nikasikia mvumo. Ukafika juu ya paa, nikangoja ugeuze kama siku zote. Haukugeuza.

Elisante aliingia na boksi, akaomba samahani kwa matope. Tukapima, tukatundika. Nilipotaka kuandika saa nikatazama simu yangu: saa nne kasorobo. Lebo ya mfuko, iliyoandikwa Kasulu, ilisema damu imeondoka saa nne kamili. Najua simu yangu nayo inafuata saa ya ng'ambo, si nimeshasema sote tuna laini mbili. Lakini nilisoma mara mbili, na kwa simu yangu damu ya mwanangu ilifika kabla haijatumwa. Elisante akaanza kunieleza, nikamwambia anyamaze. Mkono wa Aneth ulikuwa umeanza kupata joto.