Usumba wa Kisima cha Bi Rehema

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya maji, hapa Malindi, Mkemia Mkuu alinipa gilasi ya maji ya kisima akaniuliza nayaonaje. Nikajibu, safi kabisa. "Umeyapima kwa macho?" Akacheka mpaka nikaona haya. Kumbe yalikuwa na risasi, madini mazito yasiyobadili rangi wala harufu ya maji, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Tangu hapo udadisi ulinishika, haujaniachia.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilipelekwa Mambrui, kwa Bi Rehema. Kisima chake kilichimbwa na marehemu mamake kiwe sadaka ya kudumu: kila anywaye, thawabu humfikia mama kaburini. Basi hapo jirani watu wakawa wanavunja betri kuukuu za magari. Wao walihamishwa, risasi ikabaki ardhini, ikapenya hadi kisimani. Msimamizi wangu akaagiza kisima kifungwe.

"Mwanangu, mnamkatia mama thawabu zake?" Bi Rehema akalia.

Nikaomba nijaribu chujio la usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Tuliuloweka kwenye asidi iliyomo ndani ya ndimu, kisha tukauoka. Ukifanyiwa hivyo huinasa risasi na kuishikilia. Mara ya kwanza maji yakatoka mekundu, chai ya rangi hasa! Watu wakayakataa. Tukauosha usumba tena na tena hadi maji yakatoka meupe, na vipimo vikawa vizuri. Bi Rehema akapiga kigelegele.

Baada ya miezi nikabadilisha usumba, kisha nikarudi kuuchukua ule uliotumika.

"Ule wa zamani niliotoa juzi u wapi?"

"Nimeuanika jikoni. Makumbi hayatupwi, mwanangu, ni kuni hayo."

"Laa! Usiuwashe! Risasi yote imo humo, itapanda na moshi!"

Akashika kifua. "Kumbe haikuondoka. Imehama tu."

Nikaufungia kwenye pipa, nikaupeleka ghala la taka za sumu.

Sasa nimestaafu, na bado naenda kisimani mwenyewe na pipa langu, maana pale ofisini kila mtu ana udhuru. Juzi Bi Rehema aliniona nikihema kuliinua.

"Pole, mwanangu. Na wewe ukichoka, nani atakuja kuuchukua usumba?"

Watoto walikuwa wamekwisha kupanga ndoo zao wakingoja maji.