Utani wa Mlangoni

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nilipokuwa msichana wa miaka ishirini hapahapa Tabora. Nyumba hii ilikuwa ya bibi yangu. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akaniachia kazi ya kupokea wapangaji. Mtoto akipewa ufunguo hudhani amepewa na ufalme, ndivyo nilivyokuwa.

Chumba cha uani kilikuwa wazi. Akaja Salma, fundi cherehani, mwenye sura na nywele za babu yake Mwarabu. Alinisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," maana mama yake alikuwa Mnyamwezi wa kijiji cha Puge. Mama huyo alikuwa mgonjwa, analetwa hospitali kesho yake, na hawakuwa na pa kulala.

Wapangaji walikuwa barazani wananitazama. Nami nikataka kuwachekesha.

"Babu zako waliwapitisha wetu hapa kwa minyororo, leo tukupe chumba? Nenda kwa Waarabu wenzako!"

Baraza zima likacheka. Salma hakucheka.

"Nimeshakwenda, dada. Nao wameniambia niende kwa Wanyamwezi wenzangu."

Akajitwika cherehani lake, akaondoka na mvua ile.

Bibi aliposikia, aliniita.

"Nilimtania tu, bibi."

"Na chumba umempa?"

"Sikumpa."

Akanikalisha karibu naye. "Baba yangu alikuwa mpagazi, akibeba mizigo kwenda pwani. Kila akipita Ugogo, watani wake walimtukana yeye na ukoo wake wote, huku wanamtandikia ngozi alale. Mwenzake alipofia njiani, watani haohao ndio waliomzika. Mtani humcheka mtu akiwa ameshamkaribisha ndani. Wewe umemcheka ukiwa umemfungia mlango. Hilo ni tusi, mjukuu wangu."

"Na ile minyororo, bibi?"

"Ilikuwepo, na tusiisahau. Lakini binti yule hakuishika."

Akachukua fimbo yake, tukatoka kumtafuta. Tulimkuta stesheni ya reli, amekaa juu ya sanduku la cherehani, amelowa. Nilipiga goti nikamwomba radhi. Akainuka juu ya sanduku, akaniuliza.

"Hicho chumba kinavuja?"

"Kidogo tu, pale pembeni."

"Haya, beba cherehani."

Nikalibeba kichwani mpaka nyumbani, mimi kitukuu cha mpagazi, na bibi nyuma yangu anacheka kila nikiyumba.

Mama yake Salma aliuguzwa katika chumba kile mpaka akapona. Salma alinisalimu kila siku kwa adabu, lakini hakunitania hata mara moja, nami sikuthubutu kuanza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi; hilo nililijua miezi ile. Ndipo siku moja nikaunguza maharage, moshi ukajaa uani, nikasikia sauti yake: "Nyie Wanyamwezi kubeba mnajua, kupika je?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, mwanangu, na hayakuwa ya moshi.

Nakwambia haya kwa sababu jana nilikusikia ukiongea kwenye simu. Kijana alitaka chumba. Ukamuuliza kwao ni wapi, naye akakwambia wazazi wake walitoka Burundi. Ukamjibu chumba kimejaa. Leo asubuhi nimekifagia mimi mwenyewe chumba hicho, ni kilekile cha uani, hakina hata mkeka.

Sikugombezi. Mimi nilifanya vibaya zaidi, tena mbele za watu. Ila ujue kwamba uongo wako wa upole na kicheko changu ni mlango uleule uliofungwa. Mpangaji muulize anafanya kazi gani na atakaa na nani. Rangi yake na damu ya wazazi wake hazivunji dirisha wala hazigombani na majirani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nilipona siku ile, nikiwa na cherehani kichwani.

Namba yake bado unayo. Mpigie, umwambie ukweli, na kama atakusema kidogo, vumilia.

Mungu akupe nyumba isiyokaukiwa na wageni, mwanangu. Na siku utakayobisha hodi ugenini umelowa mvua, akuwekee nyuma ya mlango mtu atakayekufungulia kwanza, ndipo akutanie.