Dada Yupi?

Mama alipopata mtoto wa jicho alililia kitu kimoja tu: riwaya zake za upelelezi. Anazipenda tangu ujana, na hujigamba kwamba hajawahi kufika ukurasa wa mwisho bila kumjua muuaji. Basi, tukiwa tunasubiri siku ya upasuaji, kila alasiri nilipanda ngazi za ghorofa analoishi, Kariakoo, nikaketi dirishani kumsomea. Chini, spika za wauza viatu zilitangaza bei bila kupumua.

"Rudia hapo," Mama alikuwa akiniambia. "Spika imekula neno."

Kitabu nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba. Kilikuwa kinarukaruka, sura moja utotoni, sura inayofuata ukubwani. Utotoni, mtoto wa kike wa miaka mitano anaamka na kukuta mgeni wa baba yake amekufa sebuleni. Askari wanamuuliza nani alifungua mlango alfajiri ile. Anajibu, "Dada." Msichana wa kazi anafungwa. Ukubwani, mtoto yule sasa ana watoto wake, na anarudi kwenye nyumba ile kwa sababu roho yake haijatulia.

"Mbona kesi imeisha hiyo!" Mama alisema. "Ni huyo huyo msichana wa kazi. Hawa unawapokea hawana hata kandambili, kesho wanakumaliza."

Nilifunga kitabu, nikasingizia koo limekauka.

Mimi sina subira, kitabu huanza kukisoma kutoka mwisho. Kwa hiyo nilishajua kwamba yule mtoto alimtaja dada yake wa damu. Katika nyumba ile, kama katika nyumba yetu na nyumba nyingi za hapa mjini, dada mkubwa anaitwa dada, na msichana wa kazi naye anaitwa dada. Askari walisikia walichotaka kusikia.

Nilikuwa na miaka sita mkufu wa Mama ulipopotea. Ulikuwa wa dhahabu, aliachiwa na marehemu bibi. Dada yangu mkubwa aliuvaa kwa siri kwenda kutembea Mnazi Mmoja sikukuu ya Idi, akarudi shingo tupu. Mama akaniita. "Nani alifungua kabati langu?" Nikamjibu, "Dada." Macho yake yakaelekea uani, alikokuwa dada wa kazi anafua.

Sikusema uongo. Hiyo ndiyo ngao niliyojikingia miaka yote. Lakini mchana ule nilimwona dada wa kazi akitoka na nguo zake kwenye mfuko wa rambo, macho yamemvimba, na dada yangu amenikazia jicho nisifungue mdomo. Hapo nilielewa vizuri kabisa, na nikanyamaza. Huyo aliyefukuzwa ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda shule mvua ikijaza maji barabarani. Aliponiaga nilijifanya nachezea kifuniko cha soda. Naona haya mpaka leo.

Siku mbili nilizungushazungusha. Mara koo, mara kichwa, mara watoto wananisubiri nyumbani. Niliogopa kwamba nikiisoma sura ile sauti itanisaliti, na kwamba Mama, ambaye sasa ananitegemea mimi kwa kila kitu, hataniamini tena.

"Wewe," aliniambia siku ya tatu, "mimi siwaoni watu, lakini naona unanikwepa. Soma."

Nikasoma. Yule mwanamke anamkabili dada yake mkubwa, na dada yake anakiri kwamba ndiye aliyefungua mlango. Sauti ilinikatika mara mbili. Nilipomaliza nilingoja Mama ajigambe kwamba alijua tangu mwanzo. Hakujigamba. Alikunja kona ya khanga yake, akaikunjua.

"Na wewe," aliuliza polepole, "siku ile ya mkufu, ulimtaja dada yupi?"

Nikamwambia yote. Sikumficha hata kile kifuniko cha soda.

"Nilimfumua nywele," Mama alisema. "Nilimkalisha uani nikamfumua msuko mmoja mmoja, nautafuta mkufu. Anaapa kwa mama yake mzazi, mimi nafumua tu."

Alianza kulia, na mimi nikalia naye. Nikamwomba anisamehe.

"Ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima," alisema. "Mwenye kutusamehe ni yeye. Tumtafute, mwanangu. Nimshike miguu."

Ghafla akapata nguvu. Alikumbuka kwamba dada alitoka Kilimanjaro, upande wa Rombo, na yule mzee mwenye duka la vitenge barabara ya pili ni wa huko huko, tena anawajua watu wa kwao wote waliowahi kukanyaga Kariakoo. Akanihimiza nimpigie simu pale pale. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa ili Mama asikie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje na macho?"

Nikamweleza kwamba tunamtafuta mtu mmoja wa kwao, aliishi kwetu miaka mitatu, zamani kidogo.

"Hakuna shida, huyo tutampata tu," alisema. "Anaitwa nani?"

Nikamgeukia Mama. Midomo yake ilicheza, ikatafuta, ikatafuta tena.

"Mwambie," alisema, "sisi tulikuwa tunamwita Dada."