Bua Lisilopinda

Mimi sina subira. Mwatum, muuza maandazi wa miaka arubaini, alipoingia darasani kwangu Mkunazini kujifunza kuchora, nilimnyang'anya kifutio siku ya kwanza nikakitupa dirishani. Kila mtu, nilimwambia, mpe mstari mmoja: anzia kisigino, panda mgongo, ishia ncha ya kile alichoshika, na penseli isinyanyuke. Usichore unachokijua. Chora unachokiona. Miezi sita alichora wapasua kuni na majogoo wakipigana, na mimi nikimchania karatasi mpaka akalia.

Julai akanialika kwao Makunduchi, kwenye sherehe ya mwaka mpya, Mwaka Kogwa. Huko wanaume hutwangana uwanjani kwa mabua ya mgomba, ili ugomvi wa mwaka mzima uishie pale pale. Bua huuma, lakini ni laini. Likimpata mtu hupinda. Mumewe Mwatum, Msabah, alikuwa na ugomvi wa kiwanja na nduguye, Mcha. Wanawake waliimba matusi, Mwatum akaketi miongoni mwao na daftari lake, akichora.

Yale mapigano yalinitisha, sifichi. Aliyeanguka alikanyagwa. Utomvu wa mgomba ulichanganyika na damu za pua. Mcha akamvaa Msabah, akampiga bega, akampiga mbavu, na pigo la tatu likatua usoni. Nilisikia mfupa ukivunjika. Msabah akapiga magoti, damu ikimbubujika kwenye jicho la kulia, na Mcha akampiga tena. Mwatum alilitupa daftari akakimbia kwa mumewe, mimi nikaliokota. Kilipowashwa kibanda cha makuti, kama ilivyo ada, Mcha akalitupa bua lake motoni.

Hospitali walisema jicho limekwenda. Kesho yake mimi na Mwatum tulirudi Makunduchi kumchukulia Msabah nguo, tukamkuta Mcha kwa mama yao, Bi Mwanapili, ameketi mkekani mbele ya sahani ya pilau. Siku zile Makunduchi hanyimwi mtu chakula.

"Mgomba tu ule, mama," alikuwa akisema. "Bahati mbaya. Na uwanja ushafungwa, kinyongo haramu."

Bi Mwanapili akaitikia kwa kichwa. Alimwamini! Nilitaka kumrukia yule mtu kooni.

Mwatum, kanga yake imekauka damu, akalifungua daftari nililomrudishia, mbele ya mkwewe. Ukurasa haukuwa na sura hata moja. Ilikuwa mistari tu, mwanamme mmoja mstari mmoja. Bi Mwanapili akaifuata kwa kidole. Bua hili limepinda. Hili limepinda. Na hili.

Kidole kikasimama. Mstari wa mwisho ulitoka kisigino cha mpigaji, ukapanda mgongo, ukapita bega na kuishia usoni kwa Msabah. Bua lilikuwa limenyooka tangu kiganjani mpaka kwenye jicho.

"Mbona hili halikupinda, Mcha?"

"Kakosea huyo. Kaanza kuchora juzi."

"Hakukosea!" nikafoka. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Nnakuuliza wewe," Bi Mwanapili akamwambia mwanawe.

Mcha akalirudisha tonge sahanini.

"Nlitia ufito wa mkoko ndani yake," akasema. "Nlitaka kumvunja mkono tu."

Bi Mwanapili hakulia. Aliinyanyua ile sahani ya pilau mbele ya mwanawe, katika siku ambazo hata mpita njia hualikwa kula, akatoka nayo uani akawamwagia kuku.