Alawi Anarudisha Shamba

Tangu alfajiri Lutengano alikuwa hashikiki. Alimfokea mbuzi, akaifokea chai, na mkewe Tupokigwe akamwacha tu, kwa sababu alijua kinachomsumbua. Siku hiyo Alawi alikuwa anakuja kurudisha shamba.

Mtu wa mjini atasema, kurudishiwa shamba si jambo la heri? Hapana bwana, ngoja nieleze. Huko mlimani juu ya Uyole, mpaka mwaka huo wa 1957, mtu akiazimwa shamba alilima mahindi, maharage, viazi, chochote cha kuvuna na kuondoka. Mti hakupanda. Mti unakaa miaka na miaka, na aliyeupanda huanza kuiita ardhi yake. Kwa hiyo mgeni akionekana na mche mkononi, wenyeji walimwita kando wakamuuliza ana nia gani.

Alawi alifika wakati wa dhahabu ya Lupa, kijana wa Iringa, mjukuu wa watu wa pwani, kofia kichwani na mzigo wa kaniki na chumvi begani. Biashara ikamtupa mkono. Akaja kuomba kipande cha kulima. Lutengano akampa ule mteremko chini ya nyumba yake, kisha akamletea miche ya mafyulisi, yaani mapichi, aliyoiotesha mwenyewe, akamwambia apande. Loo! Ukoo mzima ulikuja juu. Mjomba wake alimwambia waziwazi kwamba yule Mswahili amemroga. Lutengano akawajibu kwamba yeye anataka jirani wa kudumu, na asiyependa asile matunda yake.

Wakazeekea kwenye miti ile. Sasa kazi ilikuwa imewashinda wote wawili. Lutengano alimwachia mwanawe Jailos mashamba baada ya kiuno kugoma, na Alawi magoti yake yaliukataa mteremko. Binti yake Mwantumu, aliyeolewa Mlandege kule Iringa, alishasema baba aje akae kwake, na lori la kumchukua lilikuwa linaondoka kesho yake.

Lutengano alikuwa na mpango ambao hakumwambia hata mkewe. Desturi ilitaka aliyeazimwa amkabidhi mwenye ardhi jembe mbele ya shahidi, na mwenye ardhi aseme, "Nimepokea." Asiposema, shamba halijarudi. Na mtu mwenye shamba, aliwaza Lutengano, lazima arudi kuliangalia. Basi yeye hatasema. Watakaa pale mpaka jua lizame, na hatasema.

Alawi akaja, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeshika jembe. Mzee Sedekia, mzee wa kanisa, alikuja naye kama shahidi. Jailos alikaa pembeni. Alikuwa akiutamani mteremko ule apande pareto, na hilo kila mtu alilijua, lakini alimwamkia Alawi kwa heshima na kumwekea kigoda. Tupokigwe akaleta chai na bakuli la mafyulisi.

"Shemeji, haya ya mti gani?" Alawi aliuliza, maji ya tunda yakimchuruzika kidevuni.

"Ule wa karibu na mfereji."

"Ala! Ule niliosema tuukate?"

"Wewe ulitaka kukata kila kitu," Lutengano alidakia. "Ulikuwa unapogoa kama mtu anayelipiza kisasi."

"Na wewe ulikuwa unaihurumia miti mpaka inazaa vitu vidogo kama njugu. Mnyakyusa wewe, nani aliuza na nani alirudi na tenga lake limejaa?"

Wakacheka. Wakakumbuka ule mwaka wa sakitu, baridi ilipounguza maua, nao wakawasha majani mabichi kati ya miti ili moshi uyafunike, wakakohoa wiki nzima na kuvuna kikapu kimoja. Wakakumbuka siku ya kwanza Alawi alipokaribishwa chakula, akakataa nyama kwa adabu kwa kuwa hakujua aliyechinja, na Lutengano akamsukumia matunda akisema, "Haya basi, tunda halichinjwi." Tangu siku hiyo nyumba ile haikuchinja kuku mpaka Alawi aitwe.

"Kuku wako wananichukia mpaka leo," alisema Alawi. "Nikitokea tu, wote wako juu ya paa."

Hata Jailos alicheka. Kisha kicheko kikaisha.

Mzee Sedekia akakohoa. "Wazee, jua linakwenda."

Alawi alisimama kwa shida, akaliinua jembe kwa mikono miwili. "Bwana Lutengano, ulinipa ardhi. Nikala, wanangu wakala. Leo nakurudishia."

Lutengano akaangalia milima.

"Lutengano, sema," Mzee Sedekia alimhimiza.

"Sisemi."

"Unasemaje?"

"Nimesema sisemi! Shamba ni lake. Akitaka kwenda Iringa aende akatembee, halafu arudi kwake, kama watu wengine."

Jailos aliinuka. "Baba, na Mungu akimchukua huko huko?"

"Litakuwa la watoto wake."

Jembe lilikuwa limeanza kumlemea Alawi, lakini hakulishusha.

"Sikiliza, ndugu yangu," alisema polepole. "Mwanangu Ahmadi amekulia Tanga kwa ndugu zangu. Hamjui Jailos, na Jailos hamjui yeye. Siku mimi na wewe tukiondoka, Ahmadi atakuja aseme, hapa ni kwa baba yangu. Jailos naye atasema, hapa ni kwa baba yangu. Wote watakuwa wanasema kweli. Watashikana mashati chini ya miti yetu, Lutengano. Sisi tulipatana kwa sababu tulikuwa sisi. Wao watapatana kwa sababu gani?"

Wiki nzima Lutengano alijiandaa kwa kila neno ambalo mwenzake angeweza kusema, isipokuwa hilo. Hasira zikampanda, kwa kuwa Alawi alikuwa sahihi, na kwa kuwa alikuwa sahihi siku moja kabla ya kuondoka. Alimpenda mtu huyu kuliko ndugu zake wa tumbo moja, na hakuwahi kumwambia.

"Mikono imechoka," Alawi alisema. "Pokea."

Lutengano akanyoosha mikono, akalichukua jembe. "Nimepokea."

"Nimesikia," alisema Mzee Sedekia, kama ilivyompasa shahidi.

Jailos hakuonyesha furaha. Alilichukua jembe kwa baba yake na kwenda kuliweka ndani.

Alawi akaomba aitazame miti kidogo kabla ya kwenda. Wakashuka wawili, mmoja na fimbo, mwingine ameshika kiuno, mpaka pale nyasi zinapoishia na miti inapoanza. Pale Alawi alikuwa akipita asubuhi na jioni, tangu ujana wake, akiimba ovyo na kupiga kelele za kuwafukuza ndege. Sasa akasimama.

"Nini, magoti?" Lutengano aliuliza.

Alawi alitikisa kichwa. Aliiweka kofia yake sawa, akasimama wima kadiri alivyoweza.

"Hodi," alisema.

Hakuwa anatania. Lutengano alifungua mdomo aseme karibu, akaanza kulia.