Jibu Tulilompa Muuguzi

Jumanne iliyopita, katika kliniki moja hapa Nchelenge, mvuvi aliletwa ameshikwa mkono na mkewe. Alikuwa akipapasa hewa mbele yake. Alisema kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu tu.

Muuguzi akauliza, "Amekunywa nini?"

"Pombe? Aa, mama! Huyu anaimba kwaya," mke akajibu. Kisha akanigeukia, maana tulikaa benchi moja. "Baba muzee wa kanisa, si unamujua bwana yangu?"

Nilitikisa kichwa kukubali, ingawa harufu ya kachasu, ile pombe kali ya kienyeji, ilikuwa imejaa chumba.

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, siulizi juu ya zambi. Kwa bongo kuko ukuta mwembamba wenye kuchuja damu, na nyuma ya jicho vilevile. Pombe ikizidi, ule ukuta unalegea, na sumu inapita. Nisipojua, hata dawa yangu inaweza kumuua."

Mke akainamisha uso. Ndipo nikasema, "Anakunywa. Tangu Ijumaa hajaacha."

Mwanamke akanitazama kana kwamba nimemvua mumewe nguo mbele ya watu.

Sikumlaumu. Mwaka jana, katika chumba hicho hicho, niliulizwa swali hilo juu ya kijana wangu mwenyewe. Nilijibu upesi kwamba ni mtoto wa kanisa, pombe haijui. Mungu anisamehe. Siku ya tatu tulimzika kwa heshima zote, na hakuna mtu aliyemsema vibaya.