Mwatumu Aamriwa Kupumzika

Sisi watu wa Chumbageni hatujui kumwona mtu amekonda tukanyamaza. Nasema sisi kwa sababu na mimi nimo, na mpaka leo najichukia kwa hilo. Mtu akinenepa tunamwambia amenawiri, mume anamtunza. Akipungua kilo mbili tu, pole zinamfuata mpaka sokoni.

Jirani yangu Mwatumu, ambaye tumetenganishwa na ukuta tu, ana miaka arobaini na minne na watoto watatu, mkubwa wao Sadalla. Kila siku huamka saa kumi alfajiri kukaanga mandazi na kupika mbaazi za nazi za kuuza kibarazani, na hamalizi mpaka saa tatu. Hapo ndipo anaanza kazi za nyumba, ambazo hazina saa ya kufunga. Mwaka jana kichwa kilimgonga wiki nzima, mumewe Ayubu akampeleka zahanati. Nesi Anastazia alipompima presha alishtuka. Akampa dawa, na akamwambia apunguze chumvi na mafuta, atembee nusu saa kila siku, na alale usingizi wa kutosha.

Chumvi na kutembea aliviweza. Alinunua raba za mtumba, na kila baada ya sala ya Alasiri akawa anavaa baibui na kushika njia ya Raskazone, kule ufukweni. Miezi mitatu baadaye aliweza kuinama na kufunga kamba za viatu bila kuhema, na alifurahi, nisidanganye. Siku moja nilimkuta mbele ya kioo cha kabati, amelibana gauni kwa nyuma, anajigeuza huku na huku kama mwari.

Lakini usingizi angeupata wapi? Kwa kuwa hakuupata, akaona afidie kwa miguu. Nusu saa ikawa saa moja na nusu, chakula cha usiku akakiacha kabisa. Jioni moja kizunguzungu kikamkalisha chini kando ya barabara. Alipopimwa tena, kilo tisa zilikuwa zimepungua na presha iko palepale.

"Dada, unalala?" nesi akamwuliza.

Mwatumu akacheka. Nesi hakucheka. Akamwambia asipolala, siku moja ataanguka asiinuke.

Na mimi, kwa ulimi wangu huu, nilikuwa nimeshauliza bombani kulikoni Mwatumu anakonda na kutoka peke yake kila jioni. Neno likasafiri. Lilifika Tongoni kwa ndugu za Ayubu likiwa limeshakomaa: Mwatumu ananyanyaswa na mumewe, jioni huenda kulia ufukweni. Jumapili moja wakaja kusuluhisha. Alikuja Mzee Miraji, baba mdogo wa Ayubu, pamoja na shangazi yake, Bi Hasina. Mimi nikaitwa niwe shahidi. Shahidi wa nini, sijui.

Tulipokwisha kuwaamkia, Mzee Miraji akaanza. "Mwanangu, sema usiogope. Mumeo akufanyani?"

"Hanifanyi kitu, baba. Nina presha. Nesi kaniambia nitembee na nilale."

Bi Hasina akamshika mkono, akauzungushia vidole. "Tazameni mkono huu! Alikuja kwetu amejaa tele. Presha ni mawazo, mwanangu, na mawazo ya mwanamke ni mumewe."

Nikamtazama Ayubu. Cheti cha zahanati alikisoma mwenyewe. Alijua kila kitu. Nikangoja aseme neno moja tu amtetee mkewe, naye akainamisha kichwa.

"Nimekosa, wazee wangu. Nitajirekebisha."

Amekosa nini? Hakuna aliyeuliza. Alitaka tu kikao kiishe. Nilitamani nimrushie mto wa kochi.

"Basi tumeamua," akasema Mzee Miraji. "Kutembeatembea kwishe. Mke ale, apumzike. Ayubu, wasikia? Apumzike!"

"Nimesikia, baba."

"Alhamdulillahi. Haya, Mwatumu mwanangu, hebu tupikie chai."

Kwa aibu niliyokuwa nayo, nikaanza kuinuka mimi. Mwatumu akanishika kanga, akanirudisha chini.

"Kaa, shoga." Kisha akamgeukia mzee kwa adabu zote. "Baba, si mmesema nipumzike?"

Bi Hasina akakohoa. Ayubu akatutazama mmoja mmoja, akainuka, akaingia jikoni. Tukasikia makopo yakifunguliwa na kufungwa.

"Mama Sadalla! Majani ya chai yako wapi?"

"Kopo la bluu, juu ya kabati."

"Na sukari?"

"Nyuma yake hapo."

Miaka kumi na tisa wanaishi katika nyumba ile. Mwatumu alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, amefumba macho, na pumzi zake zilianza kuwa ndefu. Naapa alikuwa anaelekea kusinzia. Mkono wake bado umeishika kanga yangu, na mimi sikuthubutu hata kujikuna.

"Mama Sadalla! Hili jiko linawashwaje?"

Mzee Miraji akaitazama saa yake. Mwatumu akafumbua macho, akaiachia kanga yangu, akaenda kuwasha jiko.